Sifa za Baridi ya Lushoto

Miongoni mwa waasisi wa miji ya Tanzania ambao hawajapewa sanamu wala jina la mtaa, hakuna aliyedhulumiwa kuliko baridi ya Lushoto, mji mdogo wa Usambara Magharibi uliojibanza bondeni kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe, yaani msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, joto la usiku hushuka hata kukaribia nyuzi 10 za Selsiasi, ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua lipande, na wakazi huamka wakiilaani hali ambayo, kwa haki, wangepaswa kuilipia zaka.

Haki ya kwanza ya baridi hii ni ya kihistoria. Kabla mji haujakuwapo, Wasambaa walikwisha kuitenganisha Shambaai, nchi yao ya milimani yenye ubaridi na afya, na nyika, tambarare ya chini waliyoiogopa kwa homa zake. Wafalme wa Kikilindi, ukoo ambao kwa mapokeo uliasisiwa na Mbegha na uliotawala kutoka Vuga hadi kufikia fahari yake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, waliaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua na kuizuia, na kwa uwezo huo walipokea ushuru wa raia. Baridi huja kila Juni bila mganga, bila kafara na bila kumdai mtu hata mbuzi mmoja, jambo ambalo watawala wachache wanaweza kujivunia.

Wajerumani nao waliitambua mapema. Reli yao kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, chini kabisa ya mlima, maofisa waliochoshwa na joto la pwani walipata njia rahisi ya kuukwea mlima hadi kwenye mji walioupa jina la Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, ambaye hakuwahi kuja kutetemeka humo hata usiku mmoja. Mwaka 1916 Waingereza wakawafukuza, mwaka 1918 Kaisari mwenyewe akakiacha kiti chake, na jina lake likafutika kwenye ramani. Baridi, iliyowaleta wote hao, haijajiuzulu.

Haki ya pili ni ya kitabibu. Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na kadiri hewa inavyopoa ndivyo siku hizo zinavyorefuka, hata chini ya nyuzi 16 hivi ukuaji husimama na mbu hufa na mzigo wake haujaiva. Hivyo baridi hulinda usiku kucha bila mshahara, na malipo yake ni kusingiziwa kila kikohozi cha wilaya nzima.

Haki ya tatu iko sokoni. Mapeasi, plamu na matufaha ni miti inayopitia usingizi wa machipukizi, yaani kipindi ambacho mti husimamisha ukuaji hadi upate saa za kutosha za baridi ndipo uchanue vizuri; na kabichi, karoti na viazi mviringo vinavyoshushwa kwa malori hadi Tanga na Dar es Salaam hustawi kwa sababu hiyo hiyo ya hewa iliyopoa. Tena ni baridi hiyo inayolipa heshima koti zito la mtumba, vazi lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, ambalo Tanga mjini lingekuwa adhabu lakini Lushoto humvika sawasawa ofisa wa wilaya na mchukuzi wa stendi.

Wapinzani hudai kwamba nguo zilizofuliwa hukaa kambani siku tatu bila kukauka, kwamba magoti ya wazee huuma, na kwamba kuoga alfajiri ni ushujaa usio na nishani. Hoja hizi zina uzito, ila zinasahau kwamba kamba hiyo hufundisha subira, kwamba magoti hutabiri hali ya hewa bila malipo, na kwamba uvivu wa kuoga haujawahi kupata udhuru wenye adabu zaidi. Lawama moja tu haifai mzaha: jiko la mkaa linalowashwa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa hewa ya sumu, na kosa hilo ni la aliyefunga dirisha.

Mkazi ambaye bado hajaridhika na ashuke kilomita zipatazo 30 za kona hadi Mombo, akalale huko usiku mmoja wa Februari bila chandarua, kisha ndipo awasilishe malalamiko yake.