Ngeli za Ndege: Utangulizi wa Sarufi ya Mashirika ya Taifa

Utafiti huu ulianzia kwenye kiti cha plastiki katika uwanja wa ndege wa mkoani, saa ya nne ya kusubiri. Mzee aliyekaa pembeni yangu aliuliza, "Huyo ndege wetu keshafika?" Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, akamsahihisha: "Imefika, babu. Ndege ya abiria iko I-ZI. Ya manyoya ndiyo A-WA." Mzee akamtazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, hata huyu niliyemlisha kwa kodi yangu miaka yote hii?"

Mwanafunzi alinyamaza, na sarufi ikapata kazi mpya. Vitabu vyetu vinafundisha kwamba ndege ana makazi mawili tu, kwa sababu waandishi wake hawakuwahi kufungua vitabu vya hesabu za mashirika ya umma. Kitu hutumika, kikachakaa, kikauzwa chuma chakavu. Ndege wa taifa hula, huugua, hutafutiwa mganga, huozwa, huachika na kurudi nyumbani kwa baba. Dalili zote hizo ni za A-WA.

Tuchukue mfano wa Tanzania. Shirika la Afrika Mashariki, East African Airways, lilianza mwaka 1946 na likafa mapema 1977, Jumuiya yenyewe ikiwa mahututi. Tarehe 11 Machi mwaka huohuo akazaliwa Air Tanzania, naye akapewa nembo ya twiga. Kwamba kiumbe wa kuruka alipewa sura ya mnyama asiye na unyoya hata mmoja ni jambo ambalo mwanazuoni hulisajili bila kutia neno. Mwaka 2002 akaposwa na shirika la Afrika Kusini, mahari dola milioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa. Mwaka 2006 wakaachana. (Bwana harusi naye hakubaki salama: Desemba 2019 aliwekwa chini ya wasimamizi wa kuokoa biashara, na baadaye mwekezaji akakubaliwa kupewa asilimia 51 yake kwa randi 51, pamoja na ahadi ya kuleta mtaji wa bilioni 3. Uchumba huo nao ulivunjika 2024.) Desemba 2008 binti yetu alinyang'anywa cheti cha kurusha abiria. Ndege mwenye mbawa asiyeruka, wataalamu wa A-WA humwita kuku.

Alipofufuliwa mwaka 2016 kwa Bombardier mbili mpya, lilizuka tatizo la kisarufi ambalo mawakili walilielewa kabla ya walimu: kiunganishi cha umilikaji. Ndege ziliitwa za Air Tanzania, lakini mwenye mali alikuwa wakala wa Serikali na shirika lilizikodi tu. Agosti 2019, Airbus moja ilizuiwa Johannesburg kwa sababu ya deni la fidia ambalo mkulima wa kigeni aliidai Serikali, kwa mali zilizotaifishwa miaka ya 1980. Shirika halikuwahi kuchuma hata embe katika shamba la mkulima huyo. Abiria walidhani wamekata tiketi ya ndege ya Air Tanzania, kumbe walikuwa kwenye ndege ya Serikali, na neno "ya" likawalaza ng'ambo. Mapema Septemba iliachiliwa. Kuhusu lishe, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka 2023/24 ilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 91. Kuku wa kawaida hali hivyo.

Kenya inatupeleka LI-YA, ngeli ya ukuzaji, ambako ndege huwa dege. Kenya Airways iliolewa mapema na vizuri: KLM ilichukua asilimia 26 mwaka 1996, na kwa miaka mingi majirani waliitazama kwa wivu. Kisha ikaja hamu ya madege. Yaliagizwa makubwa kuliko abiria waliopatikana, hata Boeing 777 kadhaa zikaishia kukodishwa kwa Waturuki. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2016 ilikuwa shilingi za Kenya bilioni 26.2. Mwaka huo Kenya Airways iliiuzia Oman Air nafasi yake ya kutua Heathrow kwa dola milioni 75. Sijui lugha nyingine ambamo mtu ameuza PA, ngeli nzima ya mahali, kwa fedha taslimu. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa hisa: mabenki yaliyolala yakiwa wadai yaliamka yakiwa wamiliki wa asilimia 38.1. Kitenzi "nadai" kilinyambuliwa kikawa "ni changu", bila mdai kuona hata senti.

Kwenye PA-KU-MU tuna Nigeria Air pekee. Mei 2023 ilitua Abuja ikiwa imepakwa rangi za taifa, ikapigwa picha, kisha ikarudi kwa wenyewe Ethiopia. Palikuwa na ndege.

Hao Waethiopia ni kero. Wanamilikiwa na serikali, wameruka tangu 1946, mwaka uleule wa marehemu wetu, na ndege zao ziko I-ZI kama vitabu vinavyotaka: zinapaa, zinatua, zinalipwa. Nadharia yangu inawahesabu kuwa kosa la uchapaji.

Imebaki KU, ngeli ya vitenzi-jina: kufumua shirika na kulisuka upya. Haina wingi, ndiyo maana kila kufumua hutangazwa kana kwamba ni kwa kwanza. Kwa mwaka 2024 Kenya Airways ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Nilikimbilia daftari nikaandika: "Imepona." Zikaja hesabu za nusu ya kwanza ya 2025, hasara zaidi ya bilioni 12. Nikafuta "me", nikaandika "na".