Ombi la Kuiwekea Serikali Msimamizi

Kwa Serikali ya Jamhuri ya Msumbiji,
kwa mkono wa Taasisi ya Taifa ya Ustawi wa Jamii (INAS),
Maputo.

YAH: MPANGO WA UZEE WA BIBI MMOJA WA QUITERAJO

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Quiterajo, kwenye pwani ya Macomia. Kabla hatujasema tulilojia, tuwapongeze, maana ninyi ni watu wa mipango. Sheria Namba 3 ya 2014 inamlinda mzee. Sheria Namba 10 ya 2024 inamlinda mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Familia na Sheria ya Mirathi, zote mbili za 2019, zimeeleza nani amtunze nani na nani amrithi nani, na Sheria ya Ardhi ya 1997 inasifiwa hadi ng'ambo. Kwenye karatasi, hakuna mzee wa Quiterajo anayelala na njaa.

Tatizo ni bibi. Jina lake hatulitaji kwa kuwa si mmoja. Piga hodi kwenye nyumba yoyote iliyosimama tena pale kijijini, au kwenye kibanda chochote cha wakimbizi kule Metuge, utamkuta. Tumeyachunguza mambo yake ya fedha na ya kisheria, tukaona haya kwa niaba yake. Uzee umemfika, miguu imekufa ganzi, na mpango hana. Ikabidi tumshitaki kwenu.

Tuanze na akiba. Alipokuwa na nguvu zake, akishuka pwani maji ya bamvua yakitoka ili achokoe pweza, hakuweka benki hata metikali moja. Alipanda minazi na akazaa watoto. Huo ndio mfuko wake wa pensheni: mnazi wa kumlisha na mtoto wa kuukwea. Tarehe 25 Aprili 2019 kikaja kimbunga Kenneth. Wenye hisa huko duniani husema bei zimeanguka. Kwa bibi kilianguka chenyewe kilichonunuliwa, mizizi juu. Na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vikateremka pwani na kuwatawanya wakwezi. Mtaalamu yeyote wa fedha angemwonya asitie mtaji wake wote kwenye mnazi na mwana. Hakuna mtaalamu wa fedha aliyewahi kufika Quiterajo, lakini hilo si la kumpa bibi udhuru.

Mwanawe mkubwa, mvuvi, naye alizembea. Sheria inamruhusu mtu anayejiajiri kujiunga na hifadhi ya jamii kwa kuchangia asilimia 7 ya kipato anachokitangaza. Tumepiga hesabu: mvuvi akirudi na changu watatu, asilimia 7 ni mikia, na labda pezi moja. Mikia hiyo ipelekwe dirisha gani, na iwe mibichi au ya kukaushwa, hatukupata wa kutujibu. Kosa bado ni la mvuvi.

Sasa makaratasi. Katika mpango wenu wa ruzuku ya msingi, mwanamke huhesabiwa mzee akitimiza miaka 55, mwanamume 60. Bibi ana vitukuu. Vitukuu hawakubaliki kuwa ushahidi. Kitambulisho kilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikachomwa. Mwaka 2020, watu wa pwani hii walipokimbia kwa mashua wakashushwa kwenye ufuko wa Paquitequete kule Pemba, yeye alikuwa na mjukuu mgongoni na sufuria mkononi. Angekuwa mtu wa mipango, angeacha sufuria akachukua cheti cha kuzaliwa, ingawa cheti chenyewe hajawahi kuwa nacho. Ukimwuliza alizaliwa lini, atakwambia ni enzi za Mreno, kusi ilipoanza kuvuma. Kisanduku cha fomu hakina nafasi ya kusi.

Fomu yenyewe ni ya Kireno. Bibi anasoma Qur'ani na huandika barua kwa herufi za Kiarabu, mwandiko uleule ambao masheikh na masultani wa pwani hii waliutumia katika karne ya 19 kuwaandikia magavana wa Kireno. Barua hizo zipo hadi leo kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria, Maputo, jirani zenu. Gavana wa zamani zile, kwa ukoloni wake wote, alimtafuta mkalimani akasomewa. Leo bibi anaandikwa "hajui kusoma wala kuandika" na kupakwa wino kwenye kidole gumba.

Ruhusuni tuwakumbushe jambo moja la kale zaidi. Kampuni ya Niassa, iliyotutawala kwa hati kutoka Lisbon tangu 1891 hadi 1929, ilitoza kodi ya kibanda. Haikumdai babu yake bibi cheti cha kuzaliwa. Haikumtuma akalete barua ya katibu wa mtaa, wala haikumwambia mtandao umekatika arudi Jumanne. Ilivijua vibanda, ikawajua wenye vibanda, na waliovuka Ruvuma kuikimbia ilijua wametoka kijiji gani. Maana yake, waheshimiwa, utaalamu wa kumtambua mtu wa Quiterajo bila karatasi ulikuwepo. Umepotea mahali fulani kati ya kutoza na kutoa.

Lakini tuseme bibi ameandikishwa. Anayeishi peke yake amepangiwa metikali 540 kwa mwezi, kiwango cha 2018. Kaya ya watu watano ni 1,000. Bibi analea wajukuu wanne, kwa hiyo ni 200 kwa kila kichwa, kwa mwezi mzima. Tulikaa naye chini tumfundishe bajeti. Tulipofika kwenye mfuko wa mchele wa kilo 25, ambao hizo 540 hazinunui hata nusu yake, tukaona somo lina mambo magumu tukalifunga. Na kwa kuwa malipo haya mara nyingi hukaa miezi kisha yakaja kwa pamoja, tumemweleza kwamba huko si kuchelewa. Serikali inamwekea akiba, yeye aliyeshindwa kujiwekea.

Kuna mwanawe wa pili. Huyu hajulikani alipo tangu 2020. Aliyemwona mwisho alimwona mbioni. Kanuni yenu ya sheria za kiraia iliandikwa Lisbon mwaka 1966, ikaletwa huku mwaka uliofuata, na uhuru ulipokuja tukabaki nayo. Inasema asiyeonekana huhesabiwa amekufa ikipita miaka 10 tangu habari zake za mwisho, au miaka mitano ikiwa katika muda huo amefikisha umri wa miaka 80. Kuna mlango mfupi zaidi, kwa aliyetoweka katika hali isiyoacha shaka kwamba amekufa. Bibi hawezi kuupita, kwa sababu shaka ndiyo pekee aliyobaki nayo. Wapo waliotekwa msituni wakarudi baada ya miaka, na yeye bado anamwekea mwanawe wali. Basi kisheria kijana atafariki 2030, isipokuwa ajitahidi kutimiza miaka 80 upesi. Kabla ya hapo bibi anaweza kuiomba mahakama iteue wa kusimamia mali ya asiyeonekana. Mali yenyewe ni jarife lililochanika na nusu ya mtumbwi. Ile nusu nyingine ni ya shemeji. Ada ya wakili tunadhani itazidi mtumbwi mzima.

Kuhusu ardhi tutaacha kejeli kidogo, maana sheria ile ni nzuri kweli. Inasema ardhi ni ya taifa na haiuzwi. Inasema pia kwamba aliyeikalia kwa mila na desturi za kwao, au kwa nia njema kwa miaka 10, ana haki ya kuitumia hata kama hana hati, na haki hiyo hurithiwa na mwanamke sawasawa na mwanamume. Anayebishiwa athibitishe kwa maneno ya majirani. Walioitunga walikuwa wakiijua nchi hii. Walijua kwamba huku mpaka wa shamba hukaa kichwani mwa jirani, na kwamba mwembe na kaburi la babu ni mawe ya mpaka. Hata wasia bibi ameshautoa zamani, mbele ya sheikh na mashahidi wawili, na Katiba ya 2004, ibara ya nne, inatambua kwamba nchi hii ina zaidi ya njia moja ya kusuluhisha haki za watu.

Tatizo ni kwamba majirani wenyewe ndio waliotawanywa. Shahidi wa upande wa mashariki yuko Nampula, wa magharibi amefia Metuge bila cheti cha kifo, wa kusini inasemekana yuko Mtwara kwa binti yake. Shamba lipo. Mwenye shamba yupo. Ila ushahidi wake umekwenda ukimbizini. Akitokea mtu na suti na ramani kutaka eneo la ufukweni, bibi ataanza lini kuwakusanya?

Hapo ndipo anapoingia kaka yake, ambaye haoni. Ni mzee wa kusuka makuti na kushona nyavu kwa kupapasa, na kichwani mwake imo mipaka ya mashamba yote kutoka kijijini hadi kwenye mikoko ya Messalo. Kanuni ileile ya 1966 ilimtaja: wanaoweza kunyang'anywa uwezo wa kuamua mambo yao wenyewe, wakionekana hawajimudu wao na mali zao, ni wenye maradhi ya akili, viziwi-bubu na vipofu. Waliokula chumvi huku walicheka waliposomewa. Kipofu huyu ndiye ofisi ya ardhi ya Quiterajo, na kwa miaka yote hii ndiye ofisi pekee ambayo haijafungwa.

Tukaendelea kuisoma kanuni, waheshimiwa, na ni hapo tulipokutana na jambo lililobadilisha barua hii. Kurasa chache mbele, inasema anaweza kuwekewa msimamizi mtu mwenye mazoea ya kutapanya mali, au anayeshindwa kuiendesha ipasavyo kwa sababu ya ulevi.

Ulevi hatuusemi. Lakini kati ya 2013 na 2014 yalichukuliwa madeni ya zaidi ya dola bilioni mbili kwa kampuni tatu, mengine bila Bunge kuambiwa. Mojawapo, EMATUM, ilikuwa ya kuvua jodari. Zikaundwa meli 24 za uvuvi kule Cherbourg, Ufaransa, zikaletwa Maputo, na zikaonekana gatini zaidi kuliko baharini. Mambo yalipofichuka 2016, wafadhili wakakata mkono, na aliyelipa ni bajeti ileile inayotoa 540. Januari 2025 mahakama ya New York ikamhukumu aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, kifungo cha miaka minane na nusu. Mvuvi wetu wa changu watatu hajawahi kuwa na deni kubwa kuliko la kamba.

Basi tunabadilisha ombi. Hatumshitaki tena bibi. Tunaomba Serikali ya Jamhuri, kwa mazoea yaliyotajwa hapo juu, iwekewe msimamizi, na tunampendekeza bibi. Sifa zake ni hizi: analisha watu watano kwa 1,000 na hajawahi kukopa kwa siri. Tena anajua mali yake iko wapi, hata ile iliyoungua.

Tumemdokeza pia habari za Mfuko wa Taifa wa gesi, ambao sheria yake ya 2024 inatenga asilimia 40 ya mapato ya gesi kwa ajili ya siku zijazo na vizazi vijavyo, na asilimia 60 kwa bajeti, kwa miaka 15 ya mwanzo. Ameusifu. Ameuliza tu kama mtu aliyezaliwa tayari anaweza kuomba kuhesabiwa kizazi kijacho, kwa kuwa gesi inatoka mbele ya pwani ya mkoa wake na yeye hana mpango wa kuondoka hivi karibuni.

Akishateuliwa, msimamizi ataweka masharti machache. Wastaafu wa serikali hutakiwa kila mwaka kuthibitisha kwamba bado wako hai. Serikali nayo itatakiwa kuthibitisha hivyo, Quiterajo, kwa kufika yenyewe. Hatutapokea nakala, wala mwakilishi asiye na barua ya kijiji. Foleni huanza baada ya sala ya alfajiri, na siku za bamvua hakuna huduma, kwani watumishi wote watakuwa pwani. Serikali ije na mashahidi wawili wanaoijua tangu utotoni. Ikikosa mmoja, itarudishwa ikamtafute na kuja tena mwezi ujao.

Fomu ipo tayari. Imeandikwa kwa Kimwani, lugha yetu, kwa herufi za Kiarabu. Asiyejua kusoma atapakwa wino.

Wenu watiifu,
sisi wa Quiterajo