Shangazi Spana Anajibu: Altaneta Mpya, Gari Maiti

*Shikamoo Shangazi. Nina Fuso, napakia viazi Njombe kupeleka Dar. Safari hii taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi tukikaribia Makambako. Nikaagiza altaneta ya mtumba kutoka Gerezani, ikaja na basi. Fundi akaifunga mchana kutwa. Alipomaliza, akazungusha ufunguo: kimya. Si taa, si honi, si redio, hata "tki" ya stata hakuna. Na asubuhi ile gari liliwaka lenyewe! Fundi anasema altaneta niliyoleta ni mbovu, imeua umeme wote. Muuzaji anasema mali ikitoka dukani hairudi. Utingo wangu anasema mama mkwe alipita karibu na gari asubuhi. Nimwamini nani? — Mwenye Viazi, Makambako.*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwache mama mkwe. Mama mkwe akiamua kukuharibia hahangaiki na honi.

Tuje kwa fundi wako. Kazi ya altaneta inaanza injini ikishaunguruma. Kabla ya hapo kila kitu kinakula betri: stata, taa, honi, na hiyo redio mnayosikilizia mpira. Ungeivua altaneta ukaiacha nyumbani kabatini, ukaufunga vizuri waya wake usiguse bodi, Fuso lingewaka bado, likatembea mpaka betri zichoke. Ni kweli altaneta mbovu huweza kunyonya betri usiku kucha, na asubuhi ukiigusa mgongo unaikuta ina joto wakati injini ni baridi. Lakini yako haikulala hata usiku mmoja. Gari lililowaka asubuhi likafa mchana, na katikati likapita mikononi mwa fundi, mimi silitafutii ugonjwa ndani ya altaneta. Nautafuta pale spana ilipopita.

Na ilipita pawili. Anza kwenye betri.

Fuso lako ni la volti 24, ila hakuna betri ya 24 pale. Kuna mbili za 12, na kati yao kuna waya mfupi mnene unaotoka chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine. Fundi mwangalifu huachia hasi kabla hajaigusa altaneta. Fundi mwangalifu kupita kiasi huvua na huo mfupi. Shida inakuja wakati wa kurudisha: waya mbili ndefu zinaning'inia zinajidai, kila mtu anaziona; ule mfupi umelala chini ya gunia. Ukisahaulika, unapima betri moja moja unakuta 12.6 huku na 12.6 kule, unapiga kifua, na gari halina umeme hata wa kuwasha taa ya kabini. Kwa hiyo weka mita ncha hadi ncha, chanya ya mwisho na hasi ya mwisho. Unataka kuona 25 na chenji. Ukiona sifuri, anza kufunua magunia. Ukiona 12 na kitu, mtu amezifunga betri sambamba, na huyo mnyang'anye spana.

Usiondoke bado. Shika vibano vya betri kwa mkono mtupu uvizungushe. Kikizunguka, hakijakazwa, hata kama fundi anaapa kwa jina la marehemu baba yake. Chini yake ukikuta unga mweupe au wa kijani, kwangua mpaka risasi ing'ae. Kisha geuza swichi ya taa kubwa na upime tena huku imewashwa. Betri inayosoma vizuri bila mzigo ni kama kijana anayejisifu pembeni ya shamba kabla hajakabidhiwa jembe.

Pa pili ni mgongoni kwa altaneta, kwenye ile nati ya waya mnene. Waya ule umetoka kwenye betri kupitia fyuzi kuu tu. Hauna habari na ufunguo. Uzime gari, uchomoe ufunguo, uufiche kwenye soksi, bado una moto. Fundi asiyeachia hasi anaingiza spana, ncha moja ipo kwenye nati, ncha nyingine inagusa chuma cha injini: *chwaa!* Anaruka, anaangalia kama kuna aliyeona, anaendelea na kazi. Fyuzi kuu imeshakwenda na maji. Muulize kwa upole, "Fundi, uliona cheche yoyote?" Ukimwona anaanza kufuta spana ambayo haina uchafu, umejibiwa.

Kuthibitisha, tumia mita kama unavyotafuta mbuzi aliyepotea. Waya mweusi uache kwenye ile hasi ya mwisho ya betri. Mwekundu utembee nao nyumba kwa nyumba: kichwa cha chanya, halafu kibano chake, halafu upande wa kuingilia wa fyuzi kuu, halafu wa kutokea, halafu boksi la fyuzi ndogo. Kila nyumba unauliza, "Volti 25 wamepita hapa?" Nyumba waliyoonekana na nyumba wasiyoonekana zikikaa jirani, mbuzi amepotelea katikati. Na kama lori lina swichi ya kukatia betri, itazame nayo. Nimewahi kulala Mikumi kwa sababu yake, na mpaka leo sijui ni nani aliyeizima.

Fyuzi ikiwa imeungua, nunua ya ukubwa uleule. Asikushawishi mtu kuweka msumari, waya wa shaba wala karatasi ya sigara. Utafika Dar na viazi vya kuchoma.

Gari likiwaka, pima betri injini ikinguruma: 27.5 hadi 28.5 hivi, altaneta yako ya mtumba haina kosa. Asichomoe mtu waya wa betri wakati huo "kujaribu kama inachaji." Hayo yalikuwa mambo ya dainamo, altaneta unaweza kuiua papo hapo.

Halafu swali moja la uchokozi. Ile altaneta ya zamani iko wapi? Kuna aliyeutazama mkanda kabla ya kuivua? Taa ya betri huwaka pia mkanda ukilegea. Fundi akisema "hiyo niachie, ni chuma chakavu tu," wewe ichukue, ilale na viazi.

*Shangazi, mume wangu dereva amenunua mita. Sasa anapima kila kitu: rimoti, saa ya ukutani, tochi ya watoto. Juzi usiku alinigusa kidole na waya mwekundu. — Nimechoka, Mbagala.*

Pole mama. Alipata ngapi?

*Shangazi, mimi fundi, jina weka kando. Nilibadili altaneta ya pikapu, nikapiga stata, ikazunguka kivivu, na kebo ya mafuta ikaanza kutoa moshi. Stata inahusiana vipi na kebo? — Chini ya Mwembe.*

Umesahau ethi ya injini, mdogo wangu. Ule mkanda wa nyuzi za shaba, uliuvua upate nafasi ya mkono. Stata inavuta ampea mamia, na ule umeme lazima urudi betri. Umekuta njia kuu imefungwa, umepita uchochoroni, kwenye kauzi kembamba ka kebo. Rudisha ethi, ukwangue rangi pale inapokaa, na kebo ibadilishe kwa pesa yako. Usimwambie mteja imeharibika yenyewe.

*Shangazi, ni mimi wa Makambako. Waya mfupi umepatikana. Utingo alikuwa ameufanya mto, kwenye gunia, siku mbili. Gari limewaka, mita imesoma 28. Viazi vimeanza kuchipua.*

Nimefurahi, mwanangu. Mama mkwe wako naye kanipigia simu. Amesikia aliyosemwa, na anataka gunia mbili.