Mlima Hautazamwi Bure

Wachoraji wa Dar es Salaam tuna imani moja: picha ikigoma, lawama ni za jiji. Joto, honi, foleni ya Ubungo. Dawa, tunaambiana, ni kwenda shamba. Edward Saidi Tingatinga aliwachora chui na tembo wake akiwa hapo hapo Dar, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mtindo mzima ukabeba jina lake. Lakini nani asikilize habari hizo akiwa na tiketi ya basi mfukoni?

Shinyanga nilikuta kijani kibichi. Nikatandaza karatasi kando ya ngitili, yale malisho yanayofungwa kusubiri kiangazi, nikaanza kuyasifu maumbile. Mzee mmoja mfugaji alinisikiliza kwa adabu.

"Maumbile gani, kijana wangu? Enzi za mkoloni miti ilifyekwa kumaliza mbung'o, pakabaki vumbi. Mwaka 1986 ukaja mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, tukazirudia ngitili za babu zetu. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati, unalipa faini."

"Na kuchora, mzee, kuna faini?"

Akaomba muda afikirie. Alipokuwa akifikiria, mbuzi wake alikwishakula mbingu yote na nusu ya mgunga.

Nikahamia Geita. Huko nikaketi juu ya jiwe, nikakikazia macho kilima. Kumbe kwenye nchi ya dhahabu hakuna anayetazama mlima kwa raha zake. Kijana mwenye vumbi la karasha la kusagia mawe hadi kwenye kope akasimama nyuma yangu.

"Bosi, mwamba unaelekea wapi?"

"Nachora tu, ndugu yangu."

Akacheka kicheko cha mtu aliyezoea kufichwa siri. Nilipopitisha mstari mwekundu wa jua linalozama, wenzake waliupima kwa vidole na kubishana ni futi ngapi kwenda chini. Kufikia jioni, pale nilipochora kivuli palikuwa na sururu kazini. Mwenyekiti wa kijiji akaniita, anataka kuona leseni ya utafutaji madini. Nikamwonyesha penseli.

Picha yenyewe aliinunua yule kijana, kwa bei ambayo mjini sijawahi hata kuiota. Hakuuliza habari ya fremu. Aliuliza kaskazini ni upande upi.

Nawe unayepanga kuja kuchora huku, karibu sana. Piga hodi kwa mwenyekiti kwanza, karatasi iweke mbali na mbuzi, na kaskazini usimwonyeshe mtu.