Mengineyo: Shilingi 5,000

Daftari lenyewe ninalo mpaka leo. Ni lile la miraba, la hesabu za mwanangu wa darasa la nne, na ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya jedwali la kuzidisha, pameandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyejiamini sana:

Petroli 150,000. Kulala siku mbili 60,000. Chakula 60,000. Zawadi za shangazi 25,000. Mengineyo 5,000. Jumla 300,000.

Chini ya jumla nikapiga mistari miwili kama mhasibu wa wizara, nikampelekea mke wangu. Akasoma polepole hadi mwisho, akarudi mstari mmoja juu.

"Mengineyo elfu tano," akasema. "Hongera, baba."

Kuna hongera za kupongeza na kuna hongera za kuweka kumbukumbu. Hii ilikuwa ya pili.

Tulikuwa madereva wapya wote wawili. Leseni zetu za daraja D zilikuwa na umri wa wiki tatu. Zile karatasi za L nilizibandua siku ileile ya kufaulu, nikazichana vipande mbele ya majirani ili kusiwe na ubishi mtaani. Gari ni Vitz, otomatiki, ya mkono wa tatu kwa mujibu wa kadi na wa saba kwa mujibu wa viti. Safari yenyewe ilikuwa ya sikukuu ya Pasaka: Ijumaa Kuu tutoke Dar es Salaam tulale Morogoro, Jumamosi tulale Mikumi, Jumapili tuingie Kilangali kwa shangazi yangu, ambako kulala ni bure, na Jumatatu turudi kwa njia ya Kilosa na Dumila, tutokee Morogoro tena mpaka nyumbani. Kilomita mia saba na ushee. Nilisema ni utalii wa ndani. Mke wangu alisema ni kwenda kwa shangazi kwa kuzunguka.

Hesabu haikuwa mbaya. Kosa lake ni kwamba niliipiga Jumanne. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo mpya za mafuta nchi nzima. Mwenye gari anaijua Jumatano hiyo kama mpangaji anavyoijua tarehe ya kodi. Mimi nilikuwa bado na akili za daladala. Jumatano jioni nikafuta 150,000, nikaandika 158,000, nikapunguza nane kwenye chakula. Tutakula kidogo, nikasema. Dereva akishiba anasinzia.

Petroli, hata hivyo, ina adabu. Ikipanda inatangazwa. Watu hawatangazi.

Alhamisi usiku shemeji akapiga simu. Amesikia tunapita Morogoro. Ana godoro la mwanawe anayesoma chuo, futi tatu tu, jembamba. "Si mnapita tu?" Nusu saa baadaye jirani akagonga mlango. Mama yake anakwenda Chalinze, mtu mmoja, hana mzigo. "Si mnapita tu?" Hayo maneno matatu yangepaswa kufundishwa katika shule za udereva, kabla hata ya alama za barabarani. Ijumaa alfajiri Vitz yetu iliondoka Mbezi ikiwa na godoro kichwani limefungwa kwa kamba ya manila, na kwenye kiti cha nyuma yule bibi asiye na mzigo, kapakata ndoo ya maharage, miguuni mwake kuna jogoo.

Tulipokaribia Kibaha kukawa na harufu ya kitu kinaungua. Nikasema ni viwanda. Bibi akasema ni jogoo ameogopa. Mke wangu hakusema kitu. Aliinua mkono, akaishusha hendibreki niliyokuwa nimeisahau tangu Mbezi, na gari ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatwa kamba.

Baada ya hapo niliendesha kwa kilomita 40 kwa saa, kwa heshima zote. Malori yakanipita, mabasi yakanipita, bodaboda yenye mkaa ikanipita na mwenye mkaa akanipungia mkono. Lakini mbele ya Chalinze, tulipokwisha kumshusha bibi (hakusahau kutuachia nauli: maharage, kopo moja), nyuma yangu likatokea lori la mafuta linalokwenda Zambia, taa zinawaka, pua yake imejaa kioo kizima. Niliogopa kama yule jogoo. Nilikimbia. Na hapo ndipo madereva wanaokuja mbele yangu wakaanza kuniwashia taa, mmoja, wa pili, wa tatu. Nikawajibu kwa taa zangu, nimefurahi: kumbe madereva husalimiana! Mita mia mbili mbele, chini ya mwembe, alikuwa amesimama trafiki na tochi.

"Shikamoo afande," nikasema, ingawa alikuwa kijana wa kumzaa.

"Hapa ni 50, mzee. Wewe 62."

Nilitamani kumwambia kwamba hiyo 62 ni ya lori, mimi niliazimwa tu. Akaandika elfu thelathini, akanipa karatasi yenye namba ya malipo, akanitakia safari njema kwa upole mwingi. Mke wangu akafungua daftari. Mengineyo ilikuwa imeliwa mara sita na hatujaiona hata Morogoro.

Morogoro tulishusha godoro, tukalala. Jumamosi tukaingia Mikumi, na hapo niseme ukweli: kwa mwenye pesa ya kubana hakuna barabara tamu kama ile. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapasua katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na mpita njia halipi kiingilio. Swala, pundamilia, nyati kwa mbali, tembo akijipaka vumbi. Wote hao tuliwaona kwa bei ya petroli tuliyokwisha kuinunua. Nyani wamekaa ukingoni mwa lami wanakagua magari kama mawakala wa stendi.

Ila kuna kibao. Kibao hicho kimeorodhesha wanyama na bei zao kwa dola, kwa atakayewagonga. Tembo 15,000. Twiga 15,000. Nilipiga hesabu kichwani, mikono ikaanza kutoka jasho: twiga mmoja ni zaidi ya shilingi milioni 35. Vitz yangu haifiki hata goti la twiga, kwa urefu wala kwa thamani. Nikashuka mpaka 30. Nyuma yangu ikajipanga foleni kama ya harusi. Kila kichaka nilikiona kina shingo. Twiga halisi alipotokea, alivuka taratibu mbele yetu, akasimama katikati ya barabara, akatutazama chini kwa yale macho yake yenye kope ndefu, kama mtu anayeijua bei yake.

"Usipige honi," mke wangu akanong'ona. "Asije akashtuka akatugonga yeye."

Mikumi mjini ndipo nilipompigia shangazi kuuliza habari za barabara, maana toka pale kwenda Kilosa, kilomita 78 hivi, lami si ya kuitegemea, na masika yalikuwa yameanza. "Inapitika, mwanangu," akasema. "Njooni tu."

Neno inapitika linahitaji kamusi yake. Shangazi hajawahi kumiliki gari. Kwake barabara inapitika kama jana alipita mtu, na mtu huyo huenda alikuwa na bodaboda, baiskeli, au viatu mkononi. Nilipaswa kuuliza: imepitwa na nini? Sikuuliza. Andika hilo, dereva mpya, mahali utakapoliona.

Kati ya Mikumi na Kilosa unapita mahali panapoitwa Ulaya. Si utani, ni kata kabisa, ina watu wake, mahindi yake na minazi yake miwili mitatu. Tulisimama kunyoosha migongo, mtandao ukashika vistari viwili, nami nikaona ni vema kuwatoa wasiwasi ndugu. Nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Tumefika Ulaya salama. Njia ina matope ila watu wakarimu sana." Mtandao ukakata. Tuliposhika tena vistari, Vitz ilikuwa imetambaa kilomita kumi na kundi lilikuwa na ujumbe 43. Baba mdogo: "Hongera mwanangu, viza mmepata lini?" Binamu wa Tabata: "Kaka, mguu wangu 42." Mmoja aliuliza kama kuna baridi. Lakini uliotuumiza ulikuja pembeni, kutoka kwa mweka hazina wa kikoba chetu, mama mpole ambaye tangu Januari nilimweleza kwamba marejesho yangu ya 120,000 yamekwama kwa sababu ya hali ngumu. Aliandika maneno machache: "Kumbe ya Ulaya ipo."

Nilijaribu kueleza. Niliandika: Ulaya ya Kilosa. Baba mdogo akajibu kwamba hata kama ni siri, ukoo haufichwi.

Tulipokata kushika njia ya kwa shangazi, nilikuwa bado naandika maelezo kichwani, ndiyo maana sikuliona dimbwi kama dimbwi. Niliona maji kidogo. Pembeni yake walikuwa wameketi vijana wanne juu ya gogo, wamekunja suruali, wana miti mirefu iliyochubuka ncha kwa kazi. Walikaa kama watu wanaosubiri basi. Basi lilikuwa sisi.

Gari ikazama mpaka vitasa. Mrefu kati yao akasogea dirishani bila haraka.

"Pole bosi. Gari ndogo elfu ishirini, kubwa hamsini. Likiwa na mzigo, tunaongea."

Na wao wana kibao, nikawaza, ila chao kiko kichwani. Nikamwambia kumi. Hakubisha. Alitazama mawingu upande wa milima, akatazama tairi, akasema kwa huruma ya kweli, "Mvua ikianza inakuwa arobaini."

Nikatoa ishirini. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Tope likaruka mpaka kwenye migomba na gari ikazidi kuzama. "Acha, acha, unachimba kisima!" wakapiga kelele. Ikaamuliwa, sijui na kikao gani, kwamba mke wangu ashike usukani na mimi nikasukume. Yule mrefu akamwelekeza kwa sauti ya mwalimu: "Dada, tia L. Usikanyage. Iache itambae yenyewe."

L. Herufi niliyoichana vipande mbele ya majirani ilikuwa imenitangulia Kilangali, ikanisubiri kwenye gia. Mke wangu akaitia, Vitz ikaguna, ikatambaa, ikatoka. Mimi nilibaki dimbwini nimesimama, nimepakwa tope kuanzia paji la uso, na kiatu kimoja nimekitoa sadaka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na huyu fundi wa tofali ni nani?"

Alipokwisha kucheka alitusikiliza, kisha akauliza kwa nini hatukupanda treni, mbona ya umeme ina kituo Kilosa. Nikamweleza uhuru wa kuwa na gari lako. Akakitazama kiatu changu kimoja, akanyamaza. Kuhusu tope hakuwa na pole ya kutoa: yeye aliyaona mafuriko ya Desemba 2009, maji yalipoingia Kilosa mjini na kung'oa reli, yetu aliyaita maji ya kunawia. Tukala wali wa Kilangali, nchi ya mpunga mpaka serikali inalima mbegu pale, na kuku ambaye asubuhi alikuwa na mipango yake mingine.

Jioni mlangoni ikabishwa hodi. Akaingia kijana mrefu, ameoga, amevaa shati la Pasaka. "Huyu ni mtoto wa marehemu ami yako," shangazi akasema. "Msalimie kaka yako wa Dar." Kijana akanitazama. Mimi nikamtazama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo kaka."

Alitafuta mfukoni, akatoa noti ya elfu tano, mgawo wake katika ile ishirini, bado ina alama ya kidole cha tope. Akaiweka mezani kwa mikono miwili. Mke wangu akaichukua, akaibana ndani ya daftari, akaandika kwenye safu ya mapato, ambayo mimi sikuwahi kuichora.

Usiku ule tulipiga hesabu kwa taa ya simu. Bajeti ilikuwa imekufa tangu Chalinze. Kila aliyeivunja alikuwa mtu, na karibu wote walikuwa wetu. Lakini kulipopambazuka shangazi alikuwa amekwisha kupakia kwenye buti gunia la mchele la kilo 50, mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mchele ule kwa bei ya Dar ulikuwa petroli yote ya safari, kwenda na kurudi. Hilo nalo halikuwa kwenye daftari. Nilishika kalamu nikakosa pa kuliandika.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika dimbwini, mke wangu kwenye usukani na L imeshatiwa, wale vijana walikuwa gogoni, wanne kamili. Mrefu akasimama, shati la Pasaka amelivua, ametabasamu mpaka masikioni.

"Shikamoo kaka, shikamoo shemeji. Leo gari ndogo elfu arobaini." Akatazama gunia, akatazama kuku. "Ila ndugu ni tano."

Mke wangu akafungua daftari, akatoa ile noti yenye kidole cha tope, akampa kwa mkono wa kulia.

"Mengineyo," akasema.