Kwa Heshima ya Adapta ya Bomba

Wamesifiwa wafalme, yamesifiwa majahazi, hata tangawizi ina watu wake wa kuitetea. Adapta ya bomba haijapata mtu. Nimeona nijitolee mimi, maana kwa jinsi ilivyonilowesha, sidhani kuna mwenye haki kuliko mimi.

Kwa msioijua: ni kipande cha chuma kilichopakwa kromu, unaweza kukifumba kiganjani kisionekane. Hufungwa kwenye mdomo wa bomba la jikoni, mahali pa kile kichujio kidogo, ili kuliunganisha bomba na mashine ya kuoshea vyombo ya magurudumu, ambayo sisi wapangaji wa Marekani huiviringisha hadi kwenye sinki baada ya chakula cha jioni. Mpira mmoja hupeleka maji ya moto, mwingine huyarudisha machafu. Bila adapta, mashine nzima ni kabati la kugongea vidole vya miguu.

Fadhila zake ni nyingi. Inang'aa. Haili. Hukujulisha kwa jirani wa ghorofa ya chini, ambaye msingefahamiana kama dari lake lisingelowa. Ina kitufe chekundu cha kutoa presha kabla ya kuchomoa mpira, na anayekisahau huoga na nguo zake. Lakini hizo ni fadhila za rejareja. Fadhila yake kuu, inayostahili kuhubiriwa, ni uaminifu wa ndoa.

Adapta haiolewi ovyo. Mabomba ya Marekani yenye hesi ya nje huwa na kipenyo cha inchi 15/16, yenye hesi ya ndani inchi 55/64, na yote mawili huwa na nyuzi 27 katika kila inchi. Sasa iletee bomba la Ulaya, la milimita 24. Kwa macho ni mtu yule yule, kwani inchi 15/16 nazo ni milimita 23.8. Adapta huipokea posa. Huingia mzunguko wa kwanza kwa adabu zote, pengine na nusu ya wa pili, kisha hukwama. Kisa? Nyuzi za mposaji zimeachana milimita 1 kamili, zake zimeachana milimita 0.94. Kwa tofauti isiyozidi unene wa unywele, iko radhi kubaki kizuka. Nani katika ukoo wenu aliwahi kushikilia msimamo namna hiyo? Mtume mshenga basi, kile kipete cha kuunganisha hesi mbili zisizopatana. Naye mshenga ana masharti yake: juu anataka hiki, chini anataka kile, na dukani wametundika washenga wa kila kabila isipokuwa huyo unayemtafuta. Wapo wanaojaribu kuilainisha kwa kuizungushia tepu nyeupe ya mafundi. Haihongeki. Hapa kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyolala ndani, si nyuzi, kwa hiyo tepu yako ni mahari iliyopelekwa nyumba siyo.

Sisi wa Baltimore ndio tuliopaswa kuitambua fadhila hii mapema. Februari 1904 moto uliposhika katikati ya mji, zimamoto wa Washington na Philadelphia waliletwa kwa treni kuja kusaidia. Wengi wao wakakuta mipira yao haishiki kwenye mabomba yetu ya barabarani, maana kila mji ulikuwa na hesi yake. Zaidi ya majengo 1,500 yakateketea. Ndipo taifa lilipokaa chini kuafikiana kipimo kimoja cha hesi za zimamoto, na hata hicho, miji mingine haijakifuata mpaka leo. Sisi wenye sahani za pilau hatujachoma mtaa wowote, kwa hiyo tunasubiri.

Washa, ndiyo. Hapa sifa zinanikauka mdomoni. Adapta haizeeki, kinachozeeka ni hiyo washa, inayochemshwa kila jioni hadi inakuwa ngumu na kupasuka. Ni kipira cha senti chache. Kiwanda hakikiuzi. Kinauza adapta nzima, na aina nyingine huuzwa pamoja na kichwa cha mipira kabisa, kwa bei ya kununulia sahani mpya za familia. Nilipopiga simu, sauti tamu ikanitaka namba ya mashine, ikanitaka namba ya pili, ikanichezea muziki, kisha ikaniambia washa haiuzwi peke yake. Si kwamba haipo. Haiuzwi. Shangazi yangu wa Tanga, nilipomsimulia haya, alinyamaza kidogo akauliza, "Mwanangu, kwani mikono yako ina nini?"

Mikono haina kitu, Shangazi. Swali ni kwa nini mashine ina magurudumu. Ina magurudumu kwa sababu mkataba wa upangaji haumruhusu mtu kukata kabati akafunga mashine ya kudumu, na mwenye nyumba hataki kuifunga yeye. Mwenye nyumba wetu ni kampuni: haina sura wala mlango wa kubisha, ina tovuti. Adapta ni mtoto wa mkataba huo.

Nami nilikuwa nimeshaipata adapta iliyokubaliana na bomba langu. Ilikaa, haikuvuja hata tone, mashine ikanguruma, watoto wakapiga makofi. Kisha karatasi ikapenyezwa chini ya mlango: majiko yote yanaboreshwa. Wakang'oa mabomba, wakafunga yale yenye kichwa cha kuvuta, ambacho kina mpira wake ndani. Bomba la namna hiyo halina mahali pa adapta ya mashine yangu, na kitabu cha mashine kinakataza kabisa kulitumia, maana mpira ule haukutengenezwa kubanwa na presha kwa muda wote wa kuosha. Hakuna aliyeulizwa. Kodi ikapanda, kwa sababu tumeboreshwa.

Fundi waliyemtuma, kijana wa Bukavu mwenye adabu zake, aliitazama mashine, akaitazama adapta, akatikisa kichwa. "Papa," akasema, "hata kwangu waliweka hii hii."

Niliwaandikia nikaomba bomba la zamani. Wakanishukuru kwa kuwasiliana nao. Wakanieleza kwamba bomba jipya linaongeza thamani ya nyumba yao, na wakanikumbusha kwamba mashine za magurudumu zinahitaji kibali cha maandishi. Kibali kina fomu, fomu ina ada, na ada hairudishwi hata ombi likikataliwa.