Jenga kama wahenga: mwongozo kwa mkazi wa Uvira

Ukiwa Uvira, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Mawe hununui: Mulongwe na Kalimabenge huyateremsha bure kutoka milimani, na Aprili 2020 Mulongwe uliyaleta hadi vyumbani mwa watu bila hodi. Wahi tu kabla akina mama wa kokoto hawajafika na nyundo zao, maana jiwe likishaingia ndooni vipande vipande, halijengi tena ukuta wa mtu.

Simenti achana nayo. Waliojenga Thimlich Ohinga, kule Migori nchini Kenya, yapata karne ya 16, hawakuwa nayo hata chembe, na kuta zao zingalipo, pengine zikipita mita 4 kwenda juu. Panga uso wa nje, panga uso wa ndani, kila jiwe likalie maungio ya mawili ya chini yake, kisha katikati shindilia vijiwe mpaka vigome kutikisika. Unene ufike mita 1. Fundi akisema nafasi zilizobaki atazibia simenti, mpe nauli arudi kwao.

Mlango uwe mfupi. Ohinga mgeni huingia ameinama chini ya jiwe lililolazwa, utaratibu unaowafaa sana wakusanya kodi: aliyetanguliza kisogo hafungui kitabu cha risiti.

Kuhusu nyumba yenyewe tusidanganyane. Kilichodumu ni ukuta. Nyumba za ndani zilikuwa za udongo na nyasi, zikaoza, yakabaki mabonde ya duara ardhini. Mama watoto akiuliza atalala wapi, mwonyeshe ukuta.

Kiwanja kitafute juu, kuelekea Itombwe, kwenye nyasi na baridi, ambako kila kilima kina wenyewe zaidi ya mmoja na mambo ya mpaka hayamalizwi kwa kamba ya kupimia. Chini usijaribu: Engaruka, Tanzania, wenzetu walijenga kwa mawe chini ya ukingo wa Bonde la Ufa na kuchimba mifereji. Wao waliyabembeleza maji yaje; sisi, ziwa likipanda, tunayabembeleza yatuache.

UNESCO iliiandikisha Thimlich Ohinga kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Kwa hesabu hiyo, ukianza leo, kibao chako kitafika mnamo mwaka 2500. Mjulishe chefu wa avenyu mapema, asije akakubomolea kwa kukosa hati ya parseli.